Mate na Pamba

Fundi wa fremu kule Barani aliniambia:
usitie sabuni, usitie mafuta ya taa,
wala usimsikize mtu wa kiazi kilichokatwa.
Mate, akasema. Mate yako mwenyewe,
ya asubuhi, kabla ya chai.
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi nimekaa uani, mkeka chini.
Kwanza niliilaza kifudifudi, nikapangusa vumbi la mgongoni
kwa brashi ya kunyolea ya marehemu baba,
kisha nikaigeuza chali, taratibu, kama mgonjwa.
Kijiti cha mshikaki, pamba nchani.
Nalowesha ulimini, nabingirisha.
Si kusugua. Kubingirisha.
Pamba yarudi na rangi ya tumbaku.
Natupa. Nyingine. Natupa.

Miaka thelathini na mmoja ilining'inia jikoni
ikila moshi wa kuni, masizi ya koroboi,
mvuke wa wali, udi wa kila Alhamisi.
Baba aliileta begani siku hoteli ilipofungwa.
Miezi mitatu hajalipwa, mpishi Famau,
na tajiri akamwambia, chagua: picha au sahani.
Mama hakumsamehe.
"Sahani kumi na mbili, Famau!
Hiyo picha huliwa na mchuzi gani?"
Akaipigilia msumari juu ya meko, makusudi.

Lakini baba alipohamia Mambrui kwa mke mdogo
mama akaanza kuitazama.
Mna mwanamke kainama bombani,
beseni mbele yake, mndimu nyuma yake,
na giza laingia. Sote tulijua ni magharibi.
Sote tulijua analia:
tone chini ya jicho, tone shavuni, matatu kidevuni.
"Mwenzangu," mama alikuwa akimwita,
huku apepeta mchele. "Mwenzangu, na leo tena?"

Siku ya nne ya mate nikafika angani.
Pamba ya kwanza, kahawia. Ya pili, kahawia.
Ya saba ikafungua buluu,
buluu kali isiyo na haya,
na ukuta ukawa mweupe wa kuumiza macho,
na kivuli cha mndimu, hicho hapo,
kimejikunja shinani kama paka chini ya kiti.
Kivuli kifupi. Saa sita mchana.
Haikuwa magharibi hata siku moja.

Nikaacha. Nikanywa maji.
Mate yalikuwa yamenikauka.

Kisha uso. Hapo nilikwenda
kama anayemtoa mtoto mchanga tongo.
Tone la kidevuni likang'oka zima.
Nzi. Mavi ya nzi, Mungu anisamehe,
ndiyo tuliyoyahurumia miaka yote ile.
Na mdomo, tuliodhani umepinda kwa kilio,
una pengo la jino. Unacheka.
Kafinya macho kwa jua,
amcheka mtu aliye nje ya picha,
pengine mchoraji mwenyewe,
pengine amwambia: ondoka hapo, wanikanyagia mchele.

Mama yuko makaburini, mwaka wa tatu sasa.
Nani atakwenda kumwambia
mwenziwe hakuwa mwenziwe?

Na kwenye leso nilikosea.
Pamba ilirudi nyekundu.
Nimeihifadhi ndani ya kopo la kahawa,
sijui kwa nini; rangi hairudishwi kwa kijiti.

Jana Tima kapita na samaki wake, kasimama mlangoni.
"Umenunua picha?"
Ni ile ile.
Akasogea, akakodoa macho, akanyoosha kidole chenye magamba.
"Umebakisha moja. Hapa, chini ya jicho."
Najua, nikamwambia. Liache.

Tumeiegemeza kwenye mtungi wa gesi kwa sasa.
Ukutani, pale ilipokuwa,
kuna kipande cha chokaa
cheupe kama siku kilipopakwa,
na msumari wake,
na jiko zima kukizunguka, jeusi.